Wati Kumi za Kijino

Ijumaa, saa nane na nusu mchana, fundi wa meno ya bandia alimaliza kupanga meno kumi na manne ya juu katika nta. Akayakagua mbele ya dirisha, akasogeza la nne upande wa kushoto kwa upana wa unywele, akaridhika. Yalikuwa meno ya katibu wa tume ya machimbo. Katibu huyo alikuwa na ufizi mwembamba na haraka nyingi, na alikuwa ameshaahirisha mara mbili kuja kuyajaribu. Fundi aliyafunika kwa kitambaa chenye unyevu, akanawa plasta mikononi hadi viwikoni, akaenda chumba cha mbele kumuaga daktari wa meno.

"Unakwenda wapi?" daktari aliuliza.

"Mkutanoni. Wa redio."

"Bado tu na mambo hayo?"

"Bado tu."

Fundi alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Watu wa redio hiyo ni wale wanaozungumza hewani na wenzao wa mbali bila kulipwa wala kutumwa na yeyote. Redio yake ilikaa juu ya kabati la vyombo. Ilikuwa ya wati kumi, nguvu ambayo balbu ya chooni inaizidi, na waya wake ulitoka dirishani ukafungwa kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia nguo. Aliyemfundisha ni kaka yake, fundi umeme wa machimbo ya mawe, mtu wa utaratibu kupita kiasi. Jambo la kwanza alilomfundisha halikuwa kuzungumza bali kuandika. Kila mawasiliano yaingie kitabuni: alama ya wito ya mwenzako, yaani herufi zinazomtambulisha hewani, tarehe na saa. Na saa yenyewe si ya ukutani. Watu wa redio, popote walipo, huandika saa moja tu, saa ya dunia, ili vitabu vyao vipatane. Kwa upande wao saa ya dunia ilikuwa nyuma ya ile ya ukutani kwa saa tatu kamili. Halafu mawasiliano hayahesabiwi mpaka pande zote mbili zimesikiana, na mwenzako akakupa kadi ya kuthibitisha kwamba alikusikia.

"Kusema peke yako si mawasiliano, Kijino," kaka alikuwa akimwambia. "Hiyo ni kelele."

Kijino lilikuwa jina la nyumbani, la tangu alipong'oka jino la kwanza akakataa kulitupa, akalilaza kwenye kiberiti mwaka mzima. Hewani hakuna aliyelijua. Hewani aliitwa Plasta.

Miaka sita kabla ya Ijumaa hiyo, saa nane mchana, mlima uliporomoka ukafunika machimbo. Saa nane na dakika arobaini fundi, aliyekuwa nyumbani na mafua, alimsikia kaka yake redioni. Alitaja kwanza alama yake ya wito, kama siku zote, kisha akasema, "Mlima umetushukia. Tuko wanne, chumba cha jenereta. Hewa ipo." Kebo iliyokatika ilikuwa imemfaa kuwa antena. Fundi alimjibu, na kwa kuwa alifundishwa vizuri, akaandika saa ya dunia: 1140. Baada ya hapo hakupata tena neno zima, ila mikwaruzo. Alimwita kila nusu saa kwa siku tatu. Siku ya nne mikwaruzo nayo ikakoma.

Tume ikaundwa. Ilisema wote wanne walifariki katika saa ya kwanza, kwa hiyo makatapila yaliyoondolewa siku ya pili hayakuondolewa kimakosa. Fundi aliwapelekea kitabu chake. Katibu alikifungua, akaiona ile 1140, akasema saa tano na dakika arobaini ni asubuhi, na mtu hawezi kuomba msaada zaidi ya saa mbili kabla ya mlima kuanguka. Fundi akamweleza habari ya saa ya dunia.

"Mama, saa ni saa," katibu alisema, akakifunga kitabu.

Ndugu walisema huzuni imempanda kichwani. Wifi yake, mjane wa kaka, ambaye tangu msiba waliishi nyumba moja, hakusema hivyo. Alimwomba kitu kimoja tu. "Wifi, ripoti inasema hakuteseka. Niachie hilo." Fundi alimwachia. Alichobaki nacho mwenyewe hakikuhusu tume wala ripoti. Alikuwa ameita siku tatu kwa wati kumi dhidi ya mlima mzima, na hakujua kama kaka alimsikia hata mara moja. Kama hakumsikia, basi alikufa akidhani hakuna mtu. Hilo ndilo lililomkaba kila akinywa chai, na aliinywa hivyo miaka sita.

Mkutano ulifanyika Jumamosi katika ukumbi wa chuo cha ufundi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuhudhuria, lakini barua ya mwaliko ilikuwa imeeleza yote. Ukumbini, ilisema barua, watu wataonekana kwa kadiri walivyosikika hewani, kama ilivyo kila mwaka. Tafadhali uliza kabla ya kukaa kwenye kiti, na chai imiminwe polepole. Na ndivyo ilivyokuwa. Uliyemsikia vizuri ulimwona hadi vifungo vya shati. Uliyemsikia kwa taabu alikuwa amepauka kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Ambaye hukuwahi kumsikia hewani hukumwona kabisa, na kiti chake kwako kilikuwa kitupu. Wapishi wa chuo, ambao hawakuwa watu wa redio, waliona kila mtu kama kawaida na hawakuelewa kwa nini watu wazima wenye akili zao wanagongana mlangoni.

Mwenyekiti, mwalimu wa hesabu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimwandikia fundi kitambulisho na kumbandika begani baada ya kulitafuta bega kidogo.

"Uniwie radhi, Plasta. Wewe nakupata kwa shida."

"Usijali, mwalimu. Wati kumi."

"Wati kumi na heshima zote," mwenyekiti alisema, akampigia saluti mahali ambapo alikisia ndipo ulipo uso wake.

Hatua ya tatu kutoka pale mtu akamvaa kifua kwa kifua. Alikuwa mnene, anang'aa, anaonekana hadi unga ndani ya nyusi zake.

"Samahani jamani! Wati ngapi?"

"Kumi."

"Plasta!" alipiga kelele, akakumbatia hewa kwanza, kisha akampata. Alikuwa mwoka mikate. Walikuwa wakizungumza jioni kwa miaka kumi na moja, na hawakuwahi kuonana. Alijua lini paka wa fundi alizaa. Naye alijua lini tanuri la mwoka mikate lilipasuka na alilia vipi. Lakini kazi haimwachi mtu. Herufi ya "s" ya mwoka mikate ilikuwa ikipiga mluzi miaka yote hiyo kumi na moja.

"Fungua mdomo," fundi alisema.

Akafungua, katikati ya ukumbi. Lilikuwa jino la pili la juu, kushoto, kama alivyokuwa amelikisia tangu mwaka wa kwanza.

"Nitakutengenezea," alisema. "Lakini huo mluzi nitaukosa."

"Basi liache!"

"Haliachwi."

Walicheka mpaka watu wakageuka, wale walioweza kuwaona. Fundi alikuwa amekuja na moyo mzito, na moyo huo ulikuwa mwepesi kabla hajavua koti. Kulikuwa na meza za waya na soketi, vitambaa vya kupangusia swichi, watu wazima wakibishana urefu wa antena kama wanaogombea mpaka wa shamba. Hakuna aliyemuuliza kwa nini mwanamke wa umri wake hutumia jioni zake hivyo. Alizunguka ukumbi mzima akiwashukuru watu mmoja mmoja: yule aliyemwelekeza kutengeneza spika mwaka ule wa mvua nyingi, yule aliyekuwa akimsubiri hata akichelewa. Wengine aliwashukuru kwa kusikiliza sauti tu na kunyoosha mkono.

Nesi mstaafu alionekana saa tisa alasiri. Alikuwa ametoka mbali kuliko wote, na mawimbi yake yalifika vizuri alasiri tu, kwa hiyo asubuhi nzima alikuwa amekaa meza ya dirishani na fundi hakumwona. Sasa alijitokeza taratibu, mikono kwanza, kisha skafu ya buluu, kisha uso. Alimshika fundi mikono yote miwili.

"Mwanangu, nimekukodolea macho tangu saa nne. Naona kitambulisho kinaelea tu. Kaa hapa. Na ndugu yako naye umwambie akae, amesimama mno."

"Ndugu yupi, mama?"

"Huyo mwenye kofia ngumu nyuma yako."

Fundi hakugeuka. Ukweli ni kwamba alikuwa amemwona tangu mlangoni: ovaroli iliyopauka, mkono mmoja umekunjwa hadi kiwiko, kifungo cha mfuko hakipo, na juu ya kola hakuna kitu. Alikuwa amenyamaza, kwa sababu miaka sita ilikuwa imemfundisha kunyamaza. Alidhani ni ile huzuni ya kichwani, nayo imekuja kuhudhuria.

"Unamwona?" aliuliza.

"Namwona kofia na paji la uso. Amechoka, maskini."

"Mimi naona buti," alisema mwoka mikate, akiinama chini ya meza. "Nilidhani mtu kazisahau. Buti za machimbo hizi."

Fundi aliketi. Ukumbini mle mtu humwoni usiyewahi kumsikia. Hili lilikuwa kwenye barua, mstari wa tatu. Alipiga moyo konde akasema, polepole kama anayetuma ujumbe katika hewa chafu, "Basi mlimsikia. Ni kaka yangu. Alifukiwa machimboni miaka sita iliyopita. Mlimsikia lini?"

Nesi aliuliza tarehe. Fundi akaitaja, hakuhitaji kuitafuta. Kisha mkoba ukafunguliwa, na mwingine, maana watu hawa hawaendi popote bila vitabu vyao, na mwenyekiti akaitwa naye aje na chake.

Nesi alipata kwanza. Haikuwa kwenye mistari bali pembeni, kwa penseli. Sauti ile haikuwa imetaja alama ya wito, na isiyo na alama haiingii kitabuni. Hiyo ndiyo kanuni, na wote wanne walikuwa watu wa kanuni. Siku ya pili, 1210: "…tunagonga bomba kila nusu saa, waambieni wasikilize bomba…"

"Nilidhani ni zoezi la waokoaji," nesi alisema. "Sisi hospitali tulikuwa na mazoezi kila mwezi. Nisamehe, mwanangu."

Mwenyekiti alisoma chake bila kuinua macho. Siku ya pili, 1320, penseli, na alama ya kuuliza pembeni: "…mashine zimenyamaza. Mbona mashine zimenyamaza?"

Mpishi akapita na birika, akawaona watu wanne na vitabu vinne, akajaza vikombe akaondoka.

"Mimi nilijua ni madereva wa malori wanataniana," mwoka mikate alisema. Kidole chake kinene kilishuka pembeni ya ukurasa. "Siku ya tatu, 0215. Alfajiri, nawasha tanuri. Alisikika safi kama yuko chumba cha pili. Nikaandika kwa sababu lilinichekesha hilo jina." Akasoma, na mluzi wake wote: "'Kijino, nakusikia. Nakusikia kila nusu saa. Usichoke, Kijino, tunakusikiliza wote wanne.'" Akainua kichwa. "Kijino ndiyo nani?"

Fundi alilia, na hakuona sababu ya kujificha. Nesi alimshika bega, na mwoka mikate, aliyeelewa kwa kuchelewa, alianza kulia yeye zaidi, ikabidi aliyefiwa ndiye ambembeleze.

"Miaka kumi na moja," alikuwa akisema. "Kila jioni tunazungumza habari za paka!"

"Asante," fundi alimwambia. "Ungeandika neno moja tu ningekushukuru. Umeandika yote."

Na alishukuru kweli, kwa moyo wote, hata kabla hajaanza kufikiri habari ya makatapila. Hiyo ilikuja baadaye na ikakaa.

Mwenyekiti alipangusa miwani. Alikuwa na jambo la kikanuni. Mawasiliano haya, alisema, sasa yana pande mbili, lakini hayana kadi. "Na mkono wake upo. Nauona nyuma yako tangu asubuhi, wa kulia, una kovu la kuungua kwenye kidole gumba. Nilijua ni wa mtu wa kamati." Akachukua kadi tupu kutoka kwenye boksi, akaiweka mbele ya mahali ambapo wengine hawakuona kitu, akaweka na kalamu. Kalamu ilisimama wima. Iliandika alama ya wito ya fundi, halafu tarehe, saba yake ikiwa na kistari katikati kama kaka alivyozoea, halafu 1140. Penye nafasi ya nguvu ya mawimbi iliandika tano kwa tisa, ambayo ndiyo ya juu kabisa, hakuna zaidi yake.

"Mwongo!" mwoka mikate alisema, huku machozi hayajakauka. "Wati kumi, chini ya mlima, tano kwa tisa?"

"Anatia chumvi," fundi alikubali. "Na kaka hajawahi kumpa mtu tano kwa tisa ya adabu. Mimi alinipaga tatu kwa tatu tukiwa chumba kimoja."

Alipoinua macho kutoka kwenye kadi, kaka alikuwa na uso. Alikuwa na vumbi jeupe kwenye nyusi na alikuwa anaangalia birika la chai. Saa kumi na mbili kasoro nesi alianza kufifia, akaaga kabla sauti haijakatika, na watu wakakusanya waya zao. Kila mmoja alikuwa na pa kurudi isipokuwa kaka, kwa hiyo akaondoka na dada yake.

Nyumbani wifi alikuwa anapiga pasi. Fundi alimpa kadi kwanza, kisha karatasi aliyonakili maneno yote, na hakuruka la mashine. Alikuwa amelifikiria safarini, na akaona kwamba hawezi kumpa mwenzake nusu. Wifi alisoma amesimama. Pasi ilikuwa imewekwa wima, inapiga tiki yake. Alisoma tena, mara hii ameketi.

"Siku tatu," alisema.

"Siku tatu, wifi. Ulinikataza. Nisamehe."

"Na alikuwa anakusikia?"

"Kila nusu saa."

Kilio cha wifi kilipokuja kilikuwa cha msiba mpya, cha siku ya kwanza. Fundi alimshika mpaka kikaisha. Kisha wifi akajifuta kwa shati alilokuwa akipiga pasi.

"Asante kwa kutochoka," alisema. "Yuko hapa?"

"Kakaa kwenye kile kiti kibovu."

Wifi, ambaye hakuwahi kupenda redio wala kumsikiliza mumewe hewani hata siku moja, hakuona kitu kwenye kile kiti. Alikwenda jikoni akarudi na vikombe vitatu.

Mwenyekiti aliwaandikia tume barua kwa mwandiko wake wa ubaoni, akaambatanisha nakala za vitabu vinne na kadi moja. Tume ilikuwa imemaliza kazi miaka mitano iliyopita, lakini ofisi yake haikuwa imefungwa, na jibu lilikuja baada ya wiki tano, sahihi ya katibu ikiwa chini. Ripoti inabaki kama ilivyo, jibu lilisema. Aidha, imebainika kwamba vitabu vyote vinne vina kosa lile lile la saa tatu, jambo linaloonyesha kwamba wahusika walishauriana.

Wiki hiyo hiyo katibu alipata nafasi ya kuja kuchukua meno yake. Fundi alikuwa ameyamaliza siku nyingi. Aliyang'arisha kama ya watu wengine wote, maana meno hayakuwa yamefanya kosa lolote, na jino moja la mwoka mikate lilikuwa kando yake mezani, limefungwa kwenye pamba, tayari kwa posta. Katibu alipita mlangoni kwa haraka. Kaka, aliyekuwa amesimama pale na kofia yake mkononi, alirudi nyuma hatua moja ampishe. Katibu hakumwona, wala hakukumbuka hata kidogo kwamba fundi ndiye yule wa kitabu. Aliketi, akafungua mdomo, na meno yakaingia bila kubanwa, bila kupwaya, kama yaliyoota mle.

Alijitazama kwenye kioo. Alisema moja, mbili, tatu. Alisema ripoti. Alisema saa, na "s" ilitoka safi kabisa.

"Ninasikika vizuri?" aliuliza.

"Tano kwa tisa," fundi alisema, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

"Maana yake nini?"

"Maana yake nakusikia, mzee. Ungesema hata kutoka chini ya mlima ningekusikia."

Katibu alifurahi, akashukuru, akatoka. Fundi alinawa plasta mikononi hadi viwikoni, akavua aproni, akatazama saa ya ukutani na kuondoa tatu. Kaka alikuwa ameshavaa kofia yake. Wakaenda nyumbani, chai ya wifi isije ikapoa.